Anayefaidika ni Nani? Wivu, Husuda na Tamaa katika Mashtaka ya Uchawi

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, bila shaka umewahi kukutana na jibu kama hili: "Mhusika huyu ana wivu kwa sababu anawaonea wenzake wivu." Jibu la aina hii halipati alama. Mtahiniwa ameutaja wivu lakini hajaonyesha umetoka wapi, umejificha nyuma ya nini, umemdhuru nani na umemnufaisha nani. Nia ya mhusika, yaani kile kinachomsukuma kutenda, ni miongoni mwa mambo yanayowatatiza sana wanafunzi wetu.

Katika makala haya tutalichunguza suala hili tukitumia tamthilia ya *The Crucible* ya Mmarekani Arthur Miller. Tamthilia hii si kitabu teule cha Kiswahili. Tumeichagua kwa sababu ndani yake wahusika wengi wanatoa shtaka lile lile, la uchawi, huku kila mmoja akiwa na sababu yake ya siri. Isitoshe, mtu kusingiziwa uchawi na jirani anayelitamani shamba lake si jambo la kigeni katika nchi yetu. Mwanafunzi akiweza kuzitenganisha nia za wahusika hawa, ataweza kuzitenganisha nia za wahusika wa kitabu chochote atakachotahiniwa.

Usuli wa tamthilia

Miller alizaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2005. *The Crucible* iliigizwa kwa mara ya kwanza New York mnamo Januari 1953. Msingi wake ni matukio ya kweli yaliyotokea Salem, Massachusetts, mwaka 1692, wakati eneo hilo lilipokuwa koloni la Uingereza. Zaidi ya watu 150 walishtakiwa kwa uchawi. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee mmoja, Giles Corey, aliuawa kwa kulaliwa na mawe mazito, na wengine wasiopungua 5 wakafia gerezani.

Miller aliitunga wakati Marekani ilipokuwa imeshikwa na hofu ya ukomunisti. Watu waliitwa mbele ya kamati za Bunge na kutakiwa kuwataja wenzao. Yeye mwenyewe aliitwa mwaka 1956, akakataa kutaja majina. Alipatikana na hatia ya kulidharau Bunge mwaka 1957, na hukumu hiyo ikabatilishwa mwaka 1958. Kwa hivyo, uchawi katika tamthilia hii ni jazanda pia. Miller anazungumzia jamii yoyote ambamo kushtakiwa ni sawa na kuhukumiwa.

Muhtasari

Wasichana wa Salem wanafumaniwa usiku wakicheza msituni pamoja na Tituba, mtumwa kutoka Barbados. Betty, binti ya Mchungaji Parris, analala kitandani bila kuzinduka. Uvumi wa uchawi unaenea. Ili kuepuka adhabu, wasichana wakiongozwa na Abigail Williams, mpwa wa Parris, wanaanza kuwataja watu. Mahakama inaundwa. Anayekiri kwamba ni mchawi anaachiliwa, anayekana ananyongwa. Mkulima John Proctor, aliyewahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na Abigail, anajaribu kumwokoa mkewe Elizabeth na kuufichua uongo huo, lakini mwishowe yeye mwenyewe ananyongwa.

Tofauti ya maneno

Kabla ya kuwachambua wahusika, tutumie vyema utajiri wa lugha yetu. Wanafunzi wengi hulitumia neno "wivu" kwa kila jambo, ilhali Kiswahili kina maneno yanayotofautiana. Wivu humshika mtu anayehisi kwamba mwingine amekalia nafasi iliyo yake, hasa katika mapenzi. Husuda, au kijicho, ni uchungu wa kuona mwenzako ana neema usiyo nayo. Hasidi hutaka neema hiyo imtoke mwenzake hata kama yeye hataipata. Tamaa ni kutaka kujipatia. Ubinafsi ni kujitanguliza wewe mbele ya haki na mbele ya wengine. Katika *The Crucible*, kila neno kati ya haya lina mhusika wake.

(a) Wivu: Abigail Williams

Abigail alikuwa mtumishi nyumbani kwa Proctor. Elizabeth alipogundua uhusiano wake na mumewe, alimfuta kazi. Katika Tendo la Kwanza tunaelezwa kwamba kule msituni Abigail alikunywa damu katika kafara ya kutaka Elizabeth afe. Nia yake imejulikana kabla ya mahakama kuundwa, kwa hivyo msomaji anapolisikia jina la Elizabeth likitajwa baadaye, hashangai.

Namna anavyotekeleza nia hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini. Mary Warren, mtumishi mpya wa akina Proctor, anashona mwanasesere akiwa mahakamani, anamchomeka sindano tumboni, kisha anampa Elizabeth kama zawadi. Abigail ameyaona haya yote. Jioni hiyo anaanguka kwa kilio, na sindano inapatikana imezama tumboni mwake mwenyewe. Mwanasesere anapatikana kwa Elizabeth, na Elizabeth anafungwa.

Elizabeth ndiye anayetufunza jinsi ya kumsoma Abigail. Katika Tendo la Pili anajiuliza: kuna majina mengi sana ambayo Abigail angeweza kuyataja, mbona alitaje lake? Kumtaja mke wa mkulima anayeheshimika ni hatari, tofauti na kumtaja Bi. Good anayelala mitaroni. Lazima basi kuna faida kubwa anayoitarajia, nayo ni kukalia nafasi ya mke. Mtahiniwa akijifunza kuuliza swali hili la Elizabeth, kwamba anayefaidika ni nani, atakuwa amepata ufunguo wa tamthilia nzima.

(b) Husuda: Ann Putnam

Bi. Putnam amezaa na kuwazika watoto saba wachanga. Rebecca Nurse, bibi mcha Mungu anayeheshimiwa na kijiji kizima, ana watoto 11 na wajukuu 26. Bi. Putnam haelewi ni kwa nini yeye azike saba na mwenzake asizike hata mmoja. Kutoka swali hili hadi kumshtaki Rebecca kwamba aliwaua watoto hao kwa uchawi ni hatua fupi.

Hapa mwalimu awaongoze wanafunzi kwa uangalifu. Bi. Putnam si mwongo kama Abigail. Uchungu wake ni wa kweli, na yaelekea anaamini anayoyasema. Husuda yake haijui kwamba ni husuda. Inajiona kuwa ni kutafuta haki. Hata hivyo, Rebecca hana kosa jingine ila neema yake. Mtahiniwa anayeweza kusema kwamba mhusika anastahili kuhurumiwa na wakati uo huo anatenda uovu, huyo amevuka kiwango cha kuorodhesha sifa.

(c) Tamaa ya ardhi: Thomas Putnam

Mumewe, Thomas Putnam, ana kinyongo cha muda mrefu. Shemeji yake alinyimwa uchungaji wa Salem. Wosia wa babake haukumridhisha. Katika Tendo la Kwanza, hata kabla ya Mchungaji Hale kuwasili kuchunguza uchawi, Putnam anazozana na Proctor kuhusu msitu wa mbao ambao Proctor aliununua kwa Francis Nurse, mumewe Rebecca. Miller ameuweka mzozo huo wa ardhi kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa kwa makusudi. Msomaji anaonyeshwa shamba kwanza, kisha uchawi.

Katika Tendo la Tatu, Giles Corey anaiambia mahakama kwamba binti ya Putnam alichochewa amshtaki mzee George Jacobs. Mtu akinyongwa kwa uchawi, mali yake hutwaliwa na serikali, na katika eneo hilo ni Putnam pekee mwenye fedha za kulinunua shamba kubwa kama la Jacobs. Giles ana shahidi, lakini anakataa kumtaja kwa kuhofia kwamba atafungwa. Kwa kukataa huko, Giles ndiye anayetiwa mbaroni. Baadaye anakataa kujibu shtaka ili shamba lake lisitwaliwe, wanawe warithi. Anawekewa mawe kifuani hadi anakufa. Tendo hili lina uzito wa pekee: katika kijiji ambamo watu wanaua kwa ajili ya shamba la jirani, mzee mmoja anakubali kufa ili aliokoe shamba la watoto wake.

(d) Kulinda cheo: Parris na Danforth

Mchungaji Parris anaingia jukwaani akimlilia bintiye, lakini punde tunagundua kwamba analolihofia zaidi ni jina lake. Amewahi kuzozana na waumini kuhusu mshahara, kuni na hati ya nyumba anayoishi. Ikijulikana kwamba uchafu ulianzia nyumbani kwake, atafukuzwa. Mahakama inapoundwa, anayeihoji anageuka kuwa adui wa kanisa, na Parris anapumua. Hata anapoomba hukumu ziahirishwe katika Tendo la Nne, si kwa sababu ameiona kweli, bali kisu kimeachwa mlangoni pake. Hata huruma yake ni ya kujiokoa.

Naibu Gavana Danforth hatamani shamba la mtu wala mke wa mtu. Ubinafsi wake ni wa cheo. Katika Tendo la Nne anakataa kuahirisha hukumu kwa kuwa watu 12 wamekwisha kunyongwa kwa kosa lilo hilo. Kuwasamehe waliobaki kungekuwa kukubali kwamba wale 12 hawakuwa na hatia. Kosa la jana linalindwa kwa kosa la leo.

(e) Visasi vidogo: Walcott

Usiwapuuze wahusika wadogo. Walcott alinunua nguruwe kwa Martha Corey, mkewe Giles. Nguruwe akafa, naye akataka arudishiwe pesa. Martha akamwambia kwamba hajui kulisha nguruwe. Miaka kadhaa baadaye, Walcott anamshtaki Martha kwamba amewaroga nguruwe wake kwa kutumia vitabu anavyosoma. Kichekesho hiki kinahofisha. Katika kijiji cha kawaida, ugomvi wa nguruwe huisha kwa kununiana. Hapa unaisha kwa kitanzi.

Uongo unapataje nguvu?

Hapa ndipo hoja yetu kuu ilipo. Wivu, husuda na tamaa zilikuwapo Salem kabla ya 1692. Zimo katika kila kijiji na hata katika kila chumba cha walimu. Mbona basi zisiue kila siku? Miller anatuonyesha mambo matatu yaliyozipa makali.

Kwanza, shtaka la uchawi halihitaji ushahidi wa macho. Danforth anashikilia kwamba uchawi ni kosa lisiloonekana, kwa hivyo mashahidi wake ni wawili tu: mchawi na aliyerogwa. Mchawi hatajishtaki, basi lazima aaminiwe aliyerogwa. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mahakama ya Salem iliigeuza kauli ya aina hiyo kuwa sheria.

Pili, mshtaki anatuzwa. Abigail, yatima asiye na sauti, ghafla watu wanampisha njia. Mary Warren, mtumishi mwoga, sasa anamjibu bwana wake kwa kiburi kwa kuwa ni ofisa wa mahakama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika Tendo la Pili Elizabeth anasikia kwamba waliofungwa ni 14. Kabla ya tendo hilo kufika mbali Mary analeta habari kwamba wamefika 39.

Tatu, anayetilia shaka anaadhibiwa. Francis Nurse analeta karatasi yenye sahihi za watu 91 wanaoshuhudia wema wa wanawake walioshtakiwa. Danforth anaamuru wote 91 wakamatwe na kuhojiwa. Baada ya hapo, nani tena angethubutu kumtetea jirani yake?

Tazama pia jinsi majina ya kwanza yalivyopatikana. Tituba anapotishwa kwa mjeledi na kitanzi, ni Thomas Putnam anayemtajia majina kwa njia ya maswali: Je, ulimwona Sarah Good? Au Osburn? Tituba anayarudia. Bi. Putnam anadakia mara moja kwamba Osburn ndiye aliyekuwa mkunga wake mara tatu. Mtumwa ametoa sauti tu. Maneno ni ya bwana. Na waliotajwa kwanza ni maskini wasio na mtetezi. Uongo ulianza kwa wanyonge, ulipofaulu ukapanda hadi kwa wenye heshima.

Tahadhari kwa mtahiniwa

Si kila mshtaki anasukumwa na wivu au ubinafsi. Tituba anasukumwa na hofu ya kifo. Mary Warren anasema kweli, kisha anarudi kwenye uongo akiogopa kunyongwa. Giles mwenyewe, kwa kuropoka tu, anamwuliza Hale kuhusu vitabu anavyosoma mkewe, na kauli hiyo inamponza Martha. Mchungaji Hale anaanza kwa nia njema, na baadaye anaiona kweli na kuikana mahakama. Ukiwaweka wote katika kapu moja, utakuwa umeisoma tamthilia nusu.

Usichanganye pia tamthilia na historia. Abigail wa kweli alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, naye Proctor alikuwa na miaka ipatayo 60. Miller alimwongezea Abigail umri hadi miaka 17 na kumpunguzia Proctor wake ili pawe na mapenzi baina yao. Wivu wa Abigail ni ubunifu wa mtunzi. Migogoro ya ardhi na ya uchungaji, kwa upande mwingine, ina mizizi katika historia ya Salem.

Kinaya

Mbinu inayotawala hapa ni kinaya. Waliojaribu uganga kwa kweli ndio wanaowashtaki wengine: Abigail alikunywa damu ili kuua, na Bi. Putnam alimtuma bintiye kwa Tituba azungumze na watoto wafu. Anayesema uongo anaishi, anayeshikilia kweli ananyongwa. Elizabeth, asiyesema uongo kamwe, anadanganya mara moja ili kulinda heshima ya mumewe, na uongo huo wa mapenzi ndio unaomwangamiza. Abigail naye, aliyewaua watu ili ampate Proctor, anamkosa. Anatoroka na fedha za mjomba wake, pauni 31.

Kwetu

Walioisoma *Kifo Kisimani* ya Kithaka wa Mberia watakumbuka jinsi Gege alivyoahidiwa Alida, binti ya mtawala, akamsaliti nduguye Mwelusi. Tamaa ya mmoja na hofu ya utawala vilikutana, na kifo kikafuata. Mkutano huo ndio ule ule wa Salem.

Nje ya vitabu, mnamo Mei 2008 watu zaidi ya 10, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto katika eneo la Kisii kwa madai ya uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kisii. Katika kaunti ya Kilifi, wazee wengi wamesingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shtaka hilo pamegunduliwa mzozo wa shamba la ukoo. Mvi zimegeuzwa kuwa ushahidi. Baadhi ya wanafunzi tunaowafundisha wanatoka katika familia zilizoguswa na mambo haya, ama kwa upande wa aliyeuawa au wa waliopiga kelele. Mjadala darasani uongozwe kwa staha, pasipo kunyosheana vidole wala kuitukana jamii yoyote.

Swali la marudio

*"Penye shtaka la uchawi pana shamba, mke au cheo." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea* The Crucible*. (alama 20)*

Mwongozo: Kila hoja iwe na sehemu nne. (i) Taja nia kwa jina lake halisi: wivu, husuda, tamaa au ubinafsi. (ii) Eleza chimbuko lake kabla ya shtaka. (iii) Eleza tendo lenyewe na aliyedhurika. (iv) Onyesha faida iliyotarajiwa. Kwa mfano: *Thomas Putnam ana tamaa ya ardhi. Amezozana na Proctor kuhusu msitu. Anadaiwa kumchochea bintiye amshtaki George Jacobs. Jacobs akinyongwa, shamba lake litauzwa, na ni Putnam pekee awezaye kulinunua.* Jibu bora litaongeza kwamba nia hizi zisingeua mtu bila mahakama iliyokubali shtaka lisilo na ushahidi.

Hitimisho

Mwaka 1706, Ann Putnam wa historia, bintiye Thomas, alisimama kanisani Salem akaomba msamaha kwa kuwashtaki watu wasio na hatia. Mwaka 1711 koloni liliwasafisha wengi wa waliohukumiwa na kuzilipa familia zao fidia. Mmoja aliyesahaulika ni Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo lakini asinyongwe. Jina lake lilisafishwa mwaka 2022, zaidi ya miaka 300 baadaye, baada ya wanafunzi wa shule moja ya North Andover, Massachusetts, na mwalimu wao kulifuatilia suala hilo hadi bungeni.

Wanafunzi hao walianza kwa kusoma, kisha wakauliza. Wako nao, mwalimu mwenzangu, wafunze kuuliza wanapomwona mhusika akinyoshewa kidole: anayefaidika ni nani? Swali hilo litawapa alama katika karatasi ya fasihi. Na siku watakaposikia kijijini mwao kwamba ajuza fulani ni mchawi, huenda likamwokoa mtu.